Mia Mbili Isiyorudi

Binti aliyekuwa akienda kwenye usaili wa kazi alimwonyesha wakili aliyeketi naye ndani ya treni programu aliyoiandika mwenyewe: ukiipa namba, inaigeuza nyuma mbele. “Ipe mia mbili, mdogo wangu,” wakili akasema. Ikatoka mbili, peke yake kama yatima. “Makubwa! Sifuri zimekwenda wapi?”

“Zimehamia mbele, dada, na sifuri ikiwa mbele haihesabiwi.”

“Basi igeuze tena tuione mia mbili yetu.” Ikatoka mbili ile ile. Binti akaikodolea macho: programu ilikuwa imetii kila neno lake, na mia mbili hairudi tena. “Hujaigeuza, umeimeza,” wakili alinong’ona.

“Ndivyo namba zilivyo, dada.”

“Na wakikuuliza hilo huko kwenye usaili?”

Treni ikasimama. Binti alishuka akiwa bado ameikodolea macho ile mbili.