Marcella Hakuacha Shule

Baba Paroko, ndugu, majirani, na ninyi mliokuja moja kwa moja kutoka wodini na sare zenu, mimi ni Dolores, dada mkubwa wa marehemu, familia imenituma niwasomee maisha yake, na nitayasoma taratibu, kwa sababu Ijumaa gazeti letu la hapa Brannock liliyaharibu, likachapa kwamba mdogo wangu "alijiunga na chuo kikuu, akaacha masomo", na aliyewapelekea maneno hayo ni binamu yetu Raymond, ambaye ameketi benchi la tatu na anajua kwamba ninamtazama.

Marcella Ann Hrebik alizaliwa tarehe 9 Machi 1968, hapahapa Brannock, Pensilvania, mtoto wa pili na wa mwisho wa Emil Hrebik, fundi wa tanuri kiwandani, na mama yetu, marehemu Irene, akabatizwa katika kanisa hili, akasoma shule ya parokia, akamaliza sekondari Juni 1986, na Agosti mwaka huohuo akaingia chuo kikuu cha jimbo, wa kwanza katika mtaa wetu, ili baadaye awe mwanasheria, na Baba, ambaye kiwanda kilikuwa kimemfungia mlango miaka miwili kabla, akabandika jina la chuo hicho kwenye kioo cha nyuma cha gari, akawa anaegesha kinyumenyume mbele ya kanisa ili kila mtu asome.

Wikiendi Marcella alikuwa akiogesha vikongwe katika nyumba ya wazee, na huko ndiko alikoijua kazi anayoitaka, si kwamba vitabu vilimshinda, matokeo yake ya mihula mitatu ninayo hapa mkononi na atakaye aje ayasome. Novemba 1987, Sikukuu ya Shukrani, bata mzinga akiwa mezani hajakatwa, alitangaza kwamba anahamia chuo cha jamii cha kaunti, kile kidogo kinachotoa stashahada tu, kusomea uuguzi, Baba akaweka kisu chini, akasema, "Wenzako wanapanda, wewe unateremka, watu watasemaje?" naye akajibu, "Watasema panapowauma, Baba, na mimi nitawasikiliza." Raymond akadakia, "Darasa la kumi na tatu hilo! Na kengele ya mapumziko mtapigiwa?" kwa kuwa sekondari yetu huishia la kumi na mbili, na meza nzima ikacheka, nami nikacheka, Mungu anisamehe, nilicheka mpaka machozi.

Sasa nisikilizeni. Januari 1988 walianza darasa hilo la kumi na tatu wanafunzi arobaini na wanane, na anayepata chini ya alama sabini na nane alikuwa anaonyeshwa mlango, wakamaliza kumi na tisa, Marcella akiwemo, Mei 1990, na Julai akafanya mtihani wa leseni, uleule wanaofanya wa chuo kikuu, karatasi ileile, chumba kimoja, akafaulu mara ya kwanza. Huko ndiko kuacha masomo? Raymond, ulipovunjika nyonga mwaka 2015, ukamwita kwa jina lake wodi nzima ikasikia, ulimuuliza kwanza cheti chake kimetoka wapi?

Alifanya kazi wodi ya upasuaji miaka thelathini na miwili, akafunga ndoa na Walter Sabo, fundi wa mabasi ya shule, tarehe 18 Juni 1994, wakajaliwa Colette na Peter, na kuanzia 2004 alifundisha kwenye chuo kilekile, akawa mkali, hasa kwa wanaomfunika mgonjwa kabla hajakauka mgongo.

Februari 2023 alipatikana na saratani ya kongosho, akakataa chumba cha peke yake, akataka wodi yake, na waliomhudumia wengi walikuwa wanafunzi wake, aliwasahihisha mpaka wiki ya mwisho, "Maji yamepoa, Tonya, kabadilishe, mimi si vyombo." Baba, ambaye ana miaka themanini na mitatu, alimtazama huyo Tonya akimgeuza mwanawe bila kumuumiza, akamuuliza, "Binti, ulisomea chuo kikuu gani?" Tonya akasema, "Darasa la kumi na tatu, mzee wangu, na mwalimu ndiye huyu ninayemuogesha." Marcella alicheka, ingawa kucheka kulikuwa kunamuuma, akafariki Jumatano, tarehe 11 Oktoba, saa nne asubuhi, akiwa na miaka hamsini na mitano.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi wa ghorofa ya tatu, walimu wenzake, majirani waliotufyekea nyasi tangu Mei bila kuombwa, na akina mama wa parokia waliojaa jikoni hapo chini tangu alfajiri wakiviringisha nyama kwenye kabichi, tunawakaribisha nyote tukitoka makaburini.

Nilikuwa nimemaliza hapa, lakini jana Baba aliisoma karatasi hii akanirudishia, akasema sijaandika yote, niongeze kwamba miaka miwili na nusu, kila Jumapili alipoulizwa kwenye ngazi za kanisa hili mbona Marcella yupo nyumbani, yeye Emil Hrebik alijibu, "Amekuja likizo kutoka chuo kikuu," naye Marcella alikuwa amesimama ubavuni pake, anasikia, anamshika mkono asiteleze. Nilimwambia, "Baba, hayo si ya kusoma mbele za watu," akaniambia, "Niliyasema mbele za watu." Basi nimeyasoma.

Mdogo wangu, umewageuza wengi walale vizuri, sasa lala wewe, kwa amani.