Moto wa Mama Mkwe

"Baridi ina dawa yake," alisema Shomari, fundi cherehani wa Tabora mjini, akifunga dirisha la basi la Nzega. "Unakoka moto, unalala. Joto utalivuaje, mwanangu? Ngozi haina vifungo."

"Wewe mzee wangu unalala chini ya bati," alijibu mkulima aliyeketi naye. "Sisi tumehamishiwa kijiji kipya na paa bado. Huo moto wako upepo wa Juni unautawanya wote. Heri jua la Oktoba."

Nyuma yao Josepha alikibana kwa miguu chungu alichokificha chini ya kiti. Ndani, chini ya majivu, mlikuwa na makaa kutoka mafigani kwa mama mkwe wake. Juzi bibi huyo alipakiwa kwenye lori la kuhamia kijijini kabla hajauchukua moto wake, moto aliourithi kwa mama yake, na mpaka leo amekataa kuota wa kuazima. Tangu asubuhi Josepha alichelea kondakta asije akanusa moshi. Sasa chungu hakikumpa hata uvuguvugu, akaogopa zaidi.

Basi likasimama. Wale wawili wakateremka, bado wanabishana. Josepha akainama, akachomeka kidole majivuni, akiomba kiungue.