Marojahan Mkodisha Vitabu na Watoto Wake Watatu

"Ito, dada yangu, watoto ni wawili, sema wawili umalize," ndivyo alivyoniambia Sahat, ndugu yetu wa ukoo, asubuhi ya leo, pale kwenye moto wa nje, mbele ya wanawake wanaokata nyama, nami nikamjibu kwamba Rosmaida, mke wa kaka yangu, alibeba mimba tatu na mikono hii ndiyo iliyopokea wote watatu, akasema, "Haya, huyo wa kwanza utamwitaje, mzima au maiti? Ukimwita mzima, kaka yako anazikwa kama mtu ambaye hajamaliza, ana mtoto hajaoa, ngoma zinanyamaza na nyati anarudi zizini. Ukimwita maiti, nionyeshe kaburi. Kwa hiyo wawili." Kisha akanishikisha karatasi aliyoiandika yeye, nimpe mjukuu aisome, na karatasi hiyo nimechochea nayo moto wa kahawa, kwa hiyo wakwe zetu, wajomba, ukoo wote wa Lumbangaol, mchungaji, majirani, niwieni radhi, historia ya marehemu mtaisikia kwa mdomo wa dada yake.

Marehemu Marojahan Lumbangaol, ambaye wote mlimwita Ama Gomgom, baba wa Gomgom, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 hapa hapa Huta Sampuran, baba yake Jaihut akiwa mgema ubani, mama yake Tiamsa akiwa mkulima wa mpunga, na tulizaliwa wawili tu tukabaki hai, mimi mkubwa na yeye mdogo.

Alianza shule ya kijiji mwaka 1958, mimi nikabaki na nguruwe, maana ndivyo ilivyokuwa kwa wasichana, na kusoma hakujua kwa sababu ya mwalimu, alijua kwa sababu ya samaki wa chumvi, kwani mwuza samaki wa soko la Dolok Sanggul alikuwa akifungia samaki wake kwa kurasa za kitabu kikuukuu, na siku moja Marojahan alikunjua kifurushi akasoma habari za mtu aliyeachwa peke yake kwenye nchi ya barafu, kiatu kimepasuka, kiberiti kimelowa, na ukurasa ukaishia hapo, kwenye doa la mafuta. Basi hakunipa raha, kila siku ya soko ananituma nikanunue samaki mahali pale pale, nichague waliofungwa kwa karatasi ya rangi ile, mpaka mwuza samaki akanikoromea, "Wewe binti, unanunua samaki au unanunua gazeti?" Tulikula samaki mpaka mama akauliza kama tuna mimba, na kurasa zilikuja shaghalabaghala, mtu yule mara ameokoka, mara ndiyo kwanza anapotea, Marojahan akizikausha juu ya jiko na kunisomea huku nachambua mpunga, na hivyo ndivyo vitabu vilivyoingia nyumba yetu, vikinuka samaki.

Alimaliza darasa la sita mwaka 1964, akaanza shule ya kati pale Dolok Sanggul, lakini baba alifariki mwezi Septemba 1966, naye akapanda msituni kushika kisu cha kugemea, na akagema miaka kumi na mitatu, Jumatatu anapanda na mchele, Ijumaa anateremka na utomvu, mpaka mwaka 1979 alipoteleza juu ya mti na kuvunjika nyonga, nyonga iliyomfanya atembee vile mlivyomjua.

Hapo ndipo alipofungua kibanda chake cha kukodisha vitabu, ubavuni mwa soko, na vitabu hivyo alivitafuta mwenyewe, alishuka mji mkubwa wa Medan akiwa na mkongojo, akachimbua marundo ya wauza vitabu vikuukuu, akarudi na magunia mawili. Mwanzo vyote vilikuwa vya watu waliopotea, mmoja amepotea jangwani, mwingine mtoni, mwanamke mmoja alianguka na ndege akaishi kwa mayai ya sisimizi, na mteja akija hakuulizwa anataka nini, Marojahan alimtazama usoni akampa kimoja, akamwambia, "Hiki kimekusubiri, kirudishe siku ya soko, na usinilaumu usipolala." Watu walicheka, walichukua, na hawakulala. Mchungaji aliyetangulia kabla ya huyu wetu alipewa kile cha mfungwa aliyevuka milima ya theluji, Jumapili akahubiri habari zake zote kanisani, mwisho akasema Amina, tukamsubiri ataje mstari wa Biblia, hakutaja.

Alifunga ndoa na marehemu Rosmaida boru Simamora, yaani binti wa ukoo wa Simamora, tarehe 8 Mei 1976, na Mungu akawajalia watoto watatu, nasema watatu, Gomgom aliyezaliwa tarehe 2 Februari 1979, Tiodora wa 1982, na Lamria wa 1986, Tiodora na Lamria wameolewa, wana watoto, wamekaa pale wamejifunika shuka zao za ulos, na huyo wa kwanza sasa nawaelezeni.

Gomgom alirithi kisu cha baba yake na miti ya baba yake, na miti hiyo imepakana na ya Sahat, mtoto wa baba yetu mdogo, katikati pana mfereji, na ugomvi wa mfereji ule mimi naujua tangu wazee wetu wanatupiana maneno, nani amehamisha jiwe, nani amegema mti usio wake. Jumapili ya tarehe 10 Agosti 2003 Gomgom alimwambia Sahat mbele ya watu, palepale nje ya kanisa, "Bapa Uda, baba yangu mdogo, miti yangu kumi ina makovu ya kisu chako," na Sahat akajibu, "Wewe mtoto wa vitabu, hata mti wako mwenyewe huujui." Sasa ninyi wagema mnajua, mti wa ubani hautoi kitu kwa mtu aliyepanda na kinyongo, unakauka, na ndugu wakigombana hupandishwa pamoja, wanalala banda moja, wanaota moto mmoja, wanamega keki moja ya unga wa mchele chini ya mti, wanateremka wamepatana. Marojahan ndiye aliyesema wapande pamoja, Rosmaida ndiye aliyetwanga unga, na wote tulisema vyema, hata mimi nilisema vyema.

Walipanda Jumatatu, tarehe 11, walale banda la Sahat, na Ijumaa akateremka Sahat peke yake, kikapu kimejaa, akasema, "Kijana ameona kazi ngumu, Jumatano ametia nguo mfukoni akateremkia upande wa pili, anasema anakwenda kisiwa cha Batam kutafuta kazi ya kiwandani. Mngejua nilivyomsihi." Polisi wa mjini walisema mtu mzima akitaka kwenda amekwenda, na msimu ule miti ya Sahat ilitoa utomvu ambao hatujawahi kuuona, mweupe, mnene, mpaka wanunuzi wakamfuata nyumbani.

Marojahan hakuamini habari ya Batam, aliamini mwanawe amepotea, na aliamini hivyo kwa sababu ya vitabu, alifunga kibanda, akavirudia vyote vya watu waliopotea, akapanda msitu kwa mkongojo na wajomba wa Gomgom, anatafuta yale ambayo kila aliyepotea huyaacha, mawe matatu yamepangwa, gome limechanjwa, kitambaa kwenye tawi, majivu ya moto mdogo, maana Gomgom alikulia juu ya vitabu hivyo na asingeshindwa kuacha alama. Walitafuta mpaka mvua kubwa zikaanza, hawakuona kitu, na aliporudi aliketi hapa barazani, akavua viatu vyenye damu, akaniambia, "Dada, kila mtu aliyepotea huacha alama, mtoto wangu hakuacha hata moja, kwa hiyo mtoto wangu hakupotea."

Kuanzia hapo mliona kibanda kimebadilika bila kujua kwa nini, vitabu vya jangwa na barafu alivitia guniani, akashuka Medan tena, akarudi na vya mauaji, vya wapelelezi, vya maiti zinazopatikana na zisizopatikana, akavisoma kwa miaka, asubuhi hadi jioni, Rosmaida akimwekea ugali wa muhogo unapoa pembeni, na vyakula vya siku ya pili juu ya vya jana. Rosmaida alifariki tarehe 19 Juni 2010 akiwa bado anaweka sahani ya Gomgom mezani, na kaka yangu hakulia, alikuwa amekwishakuwa mtu mwingine, anakutazama usoni kama zamani lakini si ili akuchagulie kitabu.

Na mteja wake mkubwa alikuwa Sahat, hilo wote mlilishuhudia, alikaa kwenye benchi la kibanda kila siku ya soko, ananyonya sigara, anakisia muuaji kwa sauti, "Ni daktari huyo, Ama Gomgom, mtu anayenawa mikono hivyo ana neno," au, "Mke, mke, nakwambia, amelia mapema mno," na mara nyingi alipatia, watu wakacheka, akasema, "Mimi ningekuwa polisi, Sumatra nzima ingelala milango wazi," na Marojahan alicheka nao, akampa kingine. Alimpa cha maiti iliyotupwa ziwani, Sahat akakimaliza, akampa cha maiti kisimani, akakimaliza, cha maiti ndani ya ukuta, akakimaliza akasema muuaji mjinga. Mwaka 2014 alimpa cha mpwa aliyezikwa na mjomba wake chini ya mafiga ya kibanda cha kuwindia, moto ukikokwa juu yake kila siku, na kile Sahat alikirudisha kabla ya siku ya soko, akamtuma mke wake, na mke akasema, "Baba anasema hiki hakina maana, na amechoka kusoma, macho yanamuuma." Kuanzia siku ile hajakaa tena kwenye benchi lile, kama naongopa yupo pale karibu na ngoma, na aniambie.

Basi Marojahan, na nyonga yake, alipanda peke yake mpaka banda la Sahat, alikutwa na mvua njiani, na alipofika aliona kitu ambacho mgema yeyote angekiona, mafiga ya banda yamehama. Yalikuwa katikati tangu wakati wa babu yetu, moto wa banda hauhamishwi, huo ndio unaoita utomvu, hata banda likioza hujengwa jingine kuzunguka mafiga yale yale, na sasa yamesogezwa mpaka ukutani, na pale katikati, mahali pa moto wa vizazi, pamewekwa kitanda cha mianzi. Hakugusa kitu, kwa sababu huwezi kutia jembe kwenye banda la ndugu yako ukoo usipokuwa umekusanyika, wajomba wakiwapo, na ukikosea huna ukoo tena, wala binti zako hawana, naye alisema, "Dada, nimesoma tu, sina zaidi ya kusoma. Na vitabu vina waongo wengi." Aliogopa, si kumwogopa Sahat, aliogopa kukuta, na aliogopa kutokukuta, miaka mitano akaishi hapo katikati.

Ugonjwa ulianza mwezi Agosti 2018, kikohozi, kisha damu, akalazwa hospitali ya mjini mwezi Novemba, wakasema mapafu, akarudishwa, akalazwa tena baada ya Krismasi, na Sahat alimtembelea huko mara moja, akamletea machungwa, akamwambia, "Ama Gomgom, ukiondoka tutakupigia ngoma zote, tutakuita saur matua, aliyekamilisha, ukoo mzima utacheza," na alipoondoka, machungwa marehemu akaniambia nimpe mgonjwa wa kitanda cha pili. Akanishika mkono, akasema, "Ngoma wakinipigia wamefunga na habari ya mwanangu. Usikubali wanikamilishe. Siku hiyo ukoo utakuwapo wote, na wajomba watakuwapo, na majembe yatakuwapo." Alifariki Jumamosi ya tarehe 9 Februari 2019, alfajiri, akiwa na miaka sitini na saba, ameacha watoto watatu, wajukuu watano, na dada mmoja.

Kwa niaba ya familia tunawashukuru madaktari na wauguzi, hasa yule muuguzi aliyekuwa akimsomea macho yake yaliposhindwa, tunawashukuru majirani waliolala hapa na kubeba kuni, wauza soko wenzake waliofunga vibanda leo, wateja wake walioleta vitabu walivyokaa navyo miaka na aibu zao, wajomba wa Simamora waliotoka mbali, na wapiga ngoma, ambao nawaomba waketi, wale chakula, mikono yao ipumzike kwanza. Pumzika, mdogo wangu, kadiri utakavyoweza, shimo lako liko tayari lakini hatutakushusha bado.

Jeneza litakaa hapa nyumbani mpaka watu wapande na kurudi, binti zake wamekubali, wajomba wamekubali, mchungaji amesema atatangulia njia, na Sahat, nakuomba uende nao, banda ni lako, utawafungulia. Sauti yangu ni ndogo, haifiki kule barabarani, kwa hiyo ninyi mlio mbele geukeni muwaambie walio nyuma, nao wawaambie vijana waliochimba kaburi, wasiweke majembe chini.