Tisini na Moja Haigawanyiki

Kijiwe chetu ni benchi moja na birika moja la kahawa, kwenye kibaraza cha duka lililofungwa, mkabala na kibanda cha Dada Fundi, mshonaji. Asubuhi hiyo alituletea kapu la vipande vya kitambaa, vyote mraba, vyote sawa. Mama yake alikuwa anatimiza miaka tisini na moja, na Fundi alimwahidi shuka yenye kipande kimoja kwa kila mwaka, bila mwaka hata mmoja kubaki nje. Jioni iwe tayari. Alitaka safu zinazolingana, lakini kila akipanga kumi kumi kimoja kinabaki. Kosa lake lilikuwa kutuuliza sisi.

Kikokotoo, aliyehesabu magunia ghalani miaka thelathini, alifumba macho.

KIKOKOTOO: Kwa mbili haigawanyiki. Tatu haitaki. Tano ndiyo kabisa.

FUNDI: Na saba, kaka?

KIKOKOTOO: Saba mara kumi na mbili, themanini na nne. Jedwali limeishia hapo.

FUNDI: Limeishiaje?

KIKOKOTOO: Nyuma ya daftari la shule, dada. Mwisho mara kumi na mbili. Hakuna zaidi.

Antena, fundi redio, akaweka kikombe chini.

ANTENA: Namba hiyo jeuri tangu kwao. Igeuze, unapata kumi na tisa. Nayo haigawanyiki!

KIKOKOTOO: Umeona? Ni ya ukoo.

ANTENA: Lakini iandike, halafu karatasi uipindue juu chini. Kumi na sita! Hiyo inagawanyika bila matata.

MIMI: Kwa hiyo ashone kichwa chini miguu juu?

ANTENA: Au safu moja tu, ndefu.

FUNDI: Huo si mkanda, jamani? Mama ajifunike mkanda?

Tukanywa kwanza. Kisha Kikokotoo akatoa hukumu.

KIKOKOTOO: Toa kimoja. Tisini ni namba muungwana, inakaa na kila mtu.

FUNDI: Nilimwahidi.

ANTENA: Atajuaje? Miaka yote hiyo, mmoja ataukumbuka nani?

Fundi akatazama saa, akashusha pumzi, akakubali. Nilimwonea huruma, nikajimiminia kahawa nyingine. Antena akachomoa kipande cha bluu. Muda si muda kahawa ikamwagika, naye akakipangusia benchi.

Ndipo mama mwenyewe akafika kumwangalia bintiye, akakuta kapu katikati yetu.

MAMA: Mnafanya nini na miaka yangu?

FUNDI: Shikamoo, mama. Safu zilikuwa hazilingani. Tumetoa mmoja.

MAMA: Mmetoa upi?

Kikokotoo alichungulia ndani ya birika. Antena alikagua viatu vyake. Mimi nilikohoa.

Mama hakungoja. Alibeba kapu hadi kibandani, kwenye meza ya kukatia nguo, akaanza kupanga, saba kwa safu. Tukamfuata, tukasimama mlangoni. Safu ya kumi, ya kumi na moja, ya kumi na mbili.

KIKOKOTOO: Mama yangu, saba inaishia hapo.

MAMA: Mimi sikuishia hapo, mwanangu.

Akaanza safu ya kumi na tatu. Akaweka vipande sita, kapu likaisha, na mwisho wa safu pakabaki nafasi moja, ya mraba. Akanyoosha mkono bila kugeuka.

MAMA: Leteni mwaka wangu.

Antena akakikamua kile kipande cha bluu, kahawa ikamchuruzika mpaka kiwikoni, akampa kwa mikono miwili.