Bi. Dama na Rafu ya Majalada ya Kaki

Tarehe 30 Juni, Bi. Dama Garama anafunga kazi katika Maktaba ya Jamii ya Upeo, Msambweni, baada ya miaka thelathini na mmoja. Katika miaka hiyo aliugua malaria mara nyingi, akafiwa na mumewe, akahamishiwa vyooni kwa adhabu. Kazi hakuiacha.

Alizaliwa Samburu ya huku pwani, kwa wafugaji wa mbuzi. Aliajiriwa kupangusa vumbi na kupika chai. Vitabu vilipoanza kuachia kurasa, alijifunza mwenyewe kuvishona kwa uzi wa nyavu, na mshono wake hauachii. Ndipo akapewa sehemu ya vijana. Tusimpambe kupita kiasi: ni mkali, ameshamfukuza mwalimu mzima kwa kukunja ukurasa, na mchana husinzia nyuma ya gazeti akidai anasoma.

Kazi yake kubwa ilianzia kwenye rafu moja. Hapa maktabani tuliletewa riwaya za vijana wanaovuta unga, wanaomeza tembe za kulevya, wanaosikia sauti kichwani, wanaotaka kufa, na wanaojaribu kurudi uzimani. Daftari lilionyesha kwamba hakuna aliyeziazima. Lakini Bi. Dama alipozipangusa aliona kurasa zimechakaa kwa vidole. Watoto walikuwa wakizisoma wima, wamejibanza pembeni, wasionekane na picha ya sindano kwenye jalada.

Akanunua karatasi ya kaki, akazivika zote kama madaftari ya shule. Mtoto akipita nayo njiani, nani ajue kama si hesabu? Na kwenye daftari la kuazima akawaachia waandike jina lolote. Watoto wa pwani hawa, wakajiandika samaki: Changu, Tafi, Nguru, Kolekole. Mwezi haukuisha, rafu ikawa tupu.

Msichana mmoja wa kidato cha pili, ambaye hapa atabaki Tafi, alikuwa akimeza tembe. Siku moja alikuja na kitabu mkononi.

"Shikamoo, Bi. Dama. Huyu msichana wa humu, mwishowe anapona?"

"Marahaba. Sijui, mimi nimekivika nguo tu. Soma uje uniambie."

Baada ya wiki akarudi. "Hakupona sawasawa. Aliacha, akarudia, akaacha tena."

"Basi aliyekiandika anajua. Chukua kingine."

Tafi naye aliacha, akarudia, akaacha tena. Huu ni mwaka wake wa nne bila tembe. Ameturuhusu tuandike hivyo, na zaidi ya hivyo hakuruhusu.

Mwenyekiti wa kamati ya maktaba, Bwana Kahindi, alipolikagua daftari alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Bi. Dama, huyu Nguru ni mtoto wa nani?"

"Wa mamake."

"Usinifanyie mzaha. Kamati inataka majina ya kweli, tuyapeleke kwa walimu wakuu na kwa chifu, watoto wasaidiwe."

"Mwenyekiti, nakuheshimu, na chai yako huitia sukari vijiko vitatu kama upendavyo. Majina sitoi."

Akapewa barua ya onyo, kisha ya pili, kisha miezi minne ya kuosha vyoo. Aliviosha vikang'aa. Majina hakutoa.

Mwaka juzi kijana mmoja wa rafu ile alikufa kwa unga, tukamzika Kikoneni. Kamati ikamwambia Bi. Dama, mbele yetu sote, kwamba jina lake lingejulikana mapema angekuwa hai. Alilia. Hatukuwahi kumwona akilia. Kisha akajifuta kwa ncha ya leso.

"Huenda," alisema. "Lakini ningemwuliza jina, asingeingia hata siku ya kwanza. Alikuja hapa miezi minane. Katika miezi hiyo minane, nani mwingine aliketi naye?"



Mimi ninayeandika hufagia hapa. Shule niliishia darasa la sita na kwetu ni Vihiga, kwa hivyo maneno ya kupaka mafuta sinayo. Jumatatu kamati ilituandikia barua sisi watatu tunaobaki: Monicah wa mapokezi, Alamin wa langoni, na mimi. Inasema kwa kuwa Bi. Dama anaondoka, sisi tunaowaona watoto wakiingia na kutoka tuwataje tunaowajua. Ni kweli, tunawajua. Wengine tunawajua hadi mlango wa nyumbani kwao.

Tuliisoma barua jikoni. Alamin aliuliza, "Sasa tukikataa?"

"Si watatupeleka vyooni tu," akasema Monicah. "Brashi najua ziliko."

Kwa hivyo kamati isisubiri majibu matatu. Jibu ni moja na limechapwa hapa, katika waraka huu wa kumuaga Bi. Dama, kila mtu alisome: hatumtaji mtoto yeyote. Atakayetaka kumsaidia kijana wa Msambweni, mlango uko wazi. Aje aketi, asome naye, angoje aambiwe jina na mwenyewe.

Bi. Dama, asante kwa mshono, kwa ukali, na kwa kila mtoto uliyempa kitabu bila kumtazama mara mbili. Tunakuombea siha, mvua za kutosha huko Samburu, na mbuzi wanaozaa mapacha. Ukisikia tumefukuzwa kazi, usipande gari kuja kututetea. Pumzika tu, mama. Jua kwamba hatukusema.