Gari Lisilokunywa Maji

Njooni karibu wanangu, Jerop mshike Kiprugut mkono asilie, maneno yangu ni machache na pumzi ni chache zaidi, na hawa kina mama wanataka kuniingiza garini kabla mvua haijaanza tena. Tangu jana alfajiri huyu mtoto amekataa kutoka, mkunga amesema lazima nifike hospitali ya Nakuru leo, na mimi naogopa, sitawaficha, naogopa sana, kwa hiyo nasema yote sasa.

Magari ni mawili hapo nje. Kuna Morisi ya Mwalimu Kipketer, na kuna Folkswageni ya daktari wa mifugo, ile baba yenu aliyoiendesha mpaka kichomi kilipomchukua miezi mitano iliyopita, na sasa dereva wake ni Owuor. Nyanya yenu anataka niende na Mwalimu kwa sababu ni wa ukoo wetu na kiti chake ni laini. Nimekataa. Mwalimu, usininunie mbele ya watoto.

Jerop, sikia vizuri, usije ukaambiwa kwamba mama yako alifuata kiti cha marehemu. Nakitamani kile kiti, Mungu anajua, kila nikisikia mlio wa ile injini barabarani mkono wangu unateleka chai kabla sijakumbuka kwamba mnywaji hayupo. Lakini Jonah, baba yenu, alizipima gari hizo mbili kama mtu anayechagua ng'ombe sokoni. Morisi ina nguvu ya farasi thelathini, Folkswageni thelathini, na hapo ndipo walipobishana na Mwalimu mpaka ugali ukapoa, Mwalimu akisema thelathini ni thelathini, na Jonah akimjibu, "Mwalimu, uliza hao farasi wamefungwa wapi." Injini ya Morisi ni ya ujazo wa mia nane na tatu tu, iko mbele, na kile kilima cha kwenda Molo kikilowa, magurudumu ya nyuma yanazunguka bure mpaka maji yanachemka. Ile nyingine ni elfu moja mia moja tisini na mbili, iko nyuma, imeyakalia magurudumu yanayosukuma, na inapozwa na upepo. Kwa kuteremka na kukata kona, alikubali mwenyewe, Morisi ina adabu zaidi. Leo sihitaji adabu, nahitaji kupanda.

Nanyi mnajua desturi ya hapa, gari likifika huku juu linapewa maji kabla mgeni hajapewa chai. Siku baba yenu alipoileta Folkswageni mara ya kwanza, Kiprugut ukiwa mgongoni mwangu, mimi na kisomo changu cha sekondari nikafungua boneti ya mbele nikamimina debe zima. Juu ya mashati ya daktari yaliyopakiwa humo. Jonah alicheka mpaka akaketi kwenye nyasi, halafu akanishika mkono mbele ya watu wote, jambo ambalo wanaume wa hapa hawalifanyi, akanizungusha nyuma akanionyesha ile injini kavu. Mkono huo ndio ninaoutafuta kila asubuhi.

Ng'ombe mwekundu ni wa Jerop, maziwa yake ni ya karo ya shule, asiuzwe kwa harusi ya mtu yeyote. Koti la baba ni la Kiprugut, msilipunguze, atalifikia. Mwalimu, Jonah alikufa hamsemezani kwa sababu ya ubishi wa magari, nami nakuomba uishe leo, uwafundishe hawa kama wako. Na mtoto huyu akirudi bila mimi, asiambiwe hata siku moja kwamba ndiye aliyeniondoa.

Ngojeni... ngojeni kidogo, uchungu unapita.

Nani huyo na debe, nyanya yenu? Mama, ni wewe? Unalipelekea gari maji? Hilo halinywi, mama. Lete hapa. Inameni, wanangu, niwanyunyizie baraka... Jerop, kichwa. Uwe na maji nyumbani mwako siku zote. Kiprugut... nawe, uwe mrefu kama baba yako... mpendane... basi.

Yaliyobaki nipe mimi, mama. Nina kiu.

Owuor, washa.