Aliyeegemea Ukuta Akahesabu Hadi Kumi

Ndugu wafiwa, majirani, walimu na wanafunzi, na nyie wa huko nyuma mliokaa karibu na masufuria mkijifanya mnasaidia, mimi ndiye mdogo wake marehemu, tumbo moja, nimepewa kazi hii ya kusoma kwa sababu sauti yangu haihitaji kipaza sauti, niliwahi kuita mbuzi wetu wakarudi pamoja na mbuzi wa wilaya ya pili, na shule niliishia darasa la tano, walimu waliona nikiendelea nitawaaibisha, kwa hiyo nikikosea tarehe msininong'onee, shemeji ameshika karatasi nyingine hapo mbele na tayari ananitolea macho.

Marehemu kaka yetu alizaliwa Jumanne tarehe 9 Juni 1953, nyumba ya tatu kutoka kisimani, mtoto wa kwanza kati ya wanne wa baba fundi baiskeli na mama mshonaji, na mama alisema alizaliwa kimya, akaziangalia kuta zote nne za chumba ndipo akalia, mimi naamini aliona moja imepinda.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1961 hadi 1967, akaingia chuo cha ufundi 1970, akatoka Desemba 1971 na cheti cha useremala, na tarehe 4 Januari 1974 akaajiriwa na shule hii hii iliyotuazima viti mlivyokalia, kazi aliyoandikiwa ni madawati, lakini mwaka huo huo mwalimu wa maigizo akamwomba mlango mmoja wa jukwaani, yeye akampa mlango, ukuta, dirisha, na mlima nyuma ya dirisha, mlima wa magunia na chokaa, nawaambieni ndege walikuwa wanakuja kutaga.

Kazi yake aliipanga kwanza, daftari la hesabu lenye visanduku, kila kisanduku shubiri moja, halafu anakata boksi la viatu anajenga jukwaa dogo, waigizaji ni maharage, mfalme haragwe jekundu, anawatembeza kwa ncha ya penseli aone nani atamgonga nani, na siku ya onyesho, kabla mtu hajapanda, anaupa kila ukuta mgongo wake, anauegemea kwa uzito wote, anahesabu hadi kumi, ukitulia ndipo anasema, "Ingieni, nyumba ina wenyewe."

Alifunga ndoa Jumamosi tarehe 16 Agosti 1980 na huyu shemeji yangu, aliyekuja shuleni kushona mapazia ya jukwaa, kaka akampimia madirisha, akampimia na kidole, pete ikakaa sawasawa, wakajaliwa mabinti wawili na wa kiume mmoja, na wajukuu sita ambao wote wanamwita Babu Kishindo.

Hapo kwenye Kishindo naomba mnisikilize, maana jana fundi wa maandishi ameuliza kama kwenye kibao cha kaburi aandike na hilo jina la utani, na kabla hajachovya brashi kuna jambo.

Ijumaa tarehe 24 Julai 1987 kulikuwa na onyesho la mfalme, ukumbi umejaa mpaka watu wamekaliwa na watu waliokaliwa na watu, afisa elimu mstari wa mbele, mimi nimekuja kumsaidia kaka, ukuta wa ikulu umeshikwa kwa nyuma na mbao mbili za kuegemeza, kila ubao na bolti yake, kaka anataka kuupa mgongo kama kawaida, nikamwambia, "Kaka, achana nao, nimeshafunga mwenyewe, huo hata tembo aupigie chafya," akaniamini, mara moja tu maishani mwake hakuegemea, pazia likafunguka, mfalme akanyoosha mkono, "Ufalme wangu hautatikisika!", na ukuta ukaondoka taratibu ukalala chali, puu, tukamwona malkia aliyekwisha kufa akimenya ndizi, na jeshi zima la adui likisubiri kipande.

Hakuna aliyeumia ila heshima, mwalimu mkuu akapanda jukwaani, "Nani amefunga huu ukuta?", na kaka akajibu kabla sijameza mate, "Ni mimi, mwalimu," nami nimesimama pembeni, bolti zote mbili ziko mfukoni mwangu, kwa sababu nilienda kunywa maji kwanza, nikakutana na watu, nikaanza kuwasimulia nilivyoijenga ikulu peke yangu, na tangu siku hiyo kaka ndiye akaitwa Kishindo.

Alistaafu tarehe 30 Juni 2013 lakini hakuacha kujenga, hadi Machi 2023 moyo ulipoanza kumsumbua, miguu ikavimba, akalazwa mara tatu, na Agosti mwaka huu nilienda wodini nikamwekea zile bolti kiganjani, nilizificha miaka thelathini na saba kwenye kopo la misumari, naye akazigeuza, akacheka mpaka nesi akaja, "Nilijua, mdogo wangu, mfuko wako siku ile ulikuwa unalia kama kengele," nikamuuliza sasa mbona ulibeba lawama, akasema, "Wewe wiki ile ulikuwa umeomba kazi pale shuleni, mimi nilikuwa nayo tayari."

Kisha akanipa lile daftari lake la visanduku, shule walikuwa na onyesho mwezi unaofuata, akaniambia, "Jenga wewe, ukuta ukisimama, siri tunaizika pamoja, ukianguka, utaisema mwenyewe siku ya kunizika."

Jumamosi tarehe 14 Septemba 2024 daktari alimruhusu kutoka kwa muda wa saa tatu tu, nikampandisha jukwaani na kiti chake cha magurudumu, akaniamuru nigeuze kiti, akauegemea ukuta wangu, akaanza kuhesabu, kwenye saba niliahidi kuacha uongo, kwenye nane nikafikiria upya, akafika kumi, ukuta kimya, akasema kwa sauti ndogo, "Ingieni, nyumba ina wenyewe," nikalia ndoo mbili, shahidi shemeji.

Alifariki siku nne baadaye, Jumatano tarehe 18 Septemba, saa kumi na mbili asubuhi, usingizini, bila maumivu, na sisi tuliomsikia akihangaika kuvuta pumzi miezi yote hiyo, tunalia, ndiyo, lakini na sisi tumepumua.

Ukuta ulisimama, kwa hiyo nina ruhusa ya kunyamaza, ila mzigo huu nimechoka nao, fundi wa maandishi, usiandike Kishindo kwenye kibao, Kishindo ni mimi, niiteni hivyo kuanzia leo, na nyie wajukuu mniite kwa nguvu.

Tunawashukuru madaktari na manesi, majirani mliochota maji, walimu wenzake, wanafunzi mliobeba mbao, na shemeji, aliyenikonyeza aya nzima hii na sasa naona anacheka.

Kaka, egemea sasa kwa uzito wako wote, safari hii nimefunga kweli, hesabu mpaka utakapochoka, na upumzike kwa amani.